Kibati cha Swindon

Mji wa kwanza wa ng'ambo nilioweza kusoma jina lake ni Swindon. Lilichapwa kwenye kibati kidogo juu ya mashine ya santuri, ndani ya rediogramu ya Baba, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Mstari wa kwanza Garrard, chini yake Swindon, England. Nilikuwa na miaka sita, na kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kufuta vumbi kwenye kile kifuniko cha mbao. Baba alikuwa mshona kanzu. Siku sita cherehani ililia nyumba nzima. Ijumaa baada ya chakula cha mchana ilinyamaza, ikawa zamu ya rediogramu.

Ilikuwa mashine ya kujibadilisha. Baba alipanga santuri tano au sita kwenye mti wa katikati, na moja ilipokwisha nyingine ilidondoka juu yake, kacha, kisha mkono wa sindano ukajirudia wenyewe mwanzoni. Sindano ilipokuwa ikiruka, Baba alitoa mfukoni senti kumi ya zamani, ile ya kikoloni yenye tundu, akaiweka juu ya kichwa cha mkono. Wimbo ukatulia. Sisi watoto tuliamini senti ile ni kipuri kilichokuja na mashine.

Mwaka 2003 nilipata kazi ya uuguzi Uingereza. Barua ilipofika nilimpelekea Baba. Alivaa miwani, akaisoma taratibu, kisha akainuka, akafungua rediogramu na kuishika barua kando ya kibati, herufi kwa herufi.

“Mwanangu,” akasema, “unakwenda kwao.”

Kwao hapakuwa na kiwanda tena. Garrard ilianzishwa mwaka 1915 na masonara wa kifalme wa London, si kwa ajili ya muziki bali vita: walitengeneza vifaa vya kupimia umbali wa shabaha za mizinga. Vita vilipokwisha, mikono iliyozoea kuchonga vyuma vidogo bila kukosea hata unywele ilihamia kwenye mota za gramafoni. Miaka ikapita, mashine za Swindon zikawa zinafungwa ndani ya rediogramu za makampuni mengine mengi na kusafirishwa pembe zote za dunia. Mwaka 1960 kampuni ya Plessey iliinunua Garrard, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikauzwa kwa Gradiente ya Brazil. Utengenezaji ukahama, na Swindon ikabaki na wazee wenye kumbukumbu.

Mmoja wao nilimuuguza. Sitasema zaidi ya kwamba alikuwa mama wa makamo ya bibi yangu, na kwamba usiku mmoja, alipokuwa hapati usingizi, nilimsimulia habari za kibati. Alinikamata mkono. Alikuwa amefanya kazi ya kufunga mota pale kwa miaka saba, kabla ya kuolewa. Aliniuliza mashine yetu ilikuwa ya rangi gani, nami nikamwambia ya maziwa. Akafumba macho akitabasamu, kama mtu aliyeambiwa kuwa mwanawe wa kulea bado yu hai. Mpwa wake ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi cha wasikilizaji wa santuri.

Wanakutana Alhamisi moja kila mwezi, chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa. Watu kumi na watano hivi, karibu wote wanaume waliopita miaka sitini: fundi wa mabasi aliyestaafu, mwalimu wa fizikia, mtengeneza saa, mchungaji. Kila mmoja huja na santuri moja tu. Chai hunywewa kabla na baada, si wakati wa muziki. Wimbo ukianza hakuna anayesema neno hadi sindano inyanyuliwe. Nimekaa kwenye hafla nyingi za taarab Mombasa, watu wakitunza na kushangilia, na naupenda uchangamfu ule. Lakini ukimya wa chumba kile ulinigusa kwa namna nyingine. Ulikuwa ukimya wa watu wanaomsikiliza mgeni.

Vifaa vyao vyote ni vya zamani kuliko mimi. Usiku niliokwenda, katikati ya meza kulikuwa na Garrard 301, mashine iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya vituo vya redio na watu wenye uwezo. Haibadilishi santuri yenyewe wala haijirudii. Ni mota nzito inayosukuma gurudumu la mpira, gurudumu linasukuma ukingo wa ndani wa sahani ya chuma, basi. Wamiliki wengi waliitupa miaka ya 1970, kwa sababu ilikuja mitindo ya kuzungusha sahani kwa mkanda, kama Linn ya Scotland, iliyokuwa haina mngurumo wa mota. Wajapani hawakuitupa. Waligundua kwamba ukiipachika kwenye msingi mzito wa mbao mngurumo unapungua, na kinachobaki ni mwendo thabiti usioyumba hata ngoma ikipigwa kwa kishindo. Leo 301 nzuri huuzwa zaidi ya pauni elfu moja.

Kutoka kwenye 301 waya uliingia kwenye ampu ya Quad II, ya mwaka 1953, yenye valvu za kioo zinazowaka kama kaa la jioni. Inatoa wati kumi na tano tu. Spika ilikuwa moja, kwa kuwa usiku ule ulikuwa wa santuri za mono, zenye njia moja tu ya sauti: Quad ya mwaka 1957, iliyobuniwa na Peter Walker mjini Huntingdon. Haina koni wala sanduku. Ukiiona utadhani ni kipasha joto cha ukutani. Ndani yake kuna utando mwembamba wa plastiki uliotiwa umeme, unaovutwa na kusukumwa mbele na nyuma, na kwa vile utando ni mwepesi mno, unafuata sauti bila kuchelewa.

Nilikuwa nimebeba santuri ndogo ya mwimbaji wa taarab Juma Bhalo kutoka sanduku la Baba. Imechakaa, imekwaruzwa, lebo imefifia. Niliona haya kuitoa mbele ya wale wazee na santuri zao zinazong'aa kama kioo. Mtengeneza saa aliipokea kwa mikono miwili, akaiosha kwa maji yaliyochujwa, akaikausha, akaitazama kwa hadubini ndogo. Kisha akajaribu sindano tatu, moja baada ya nyingine. Ya nne akaiacha.

Ninaijua santuri ile kwa moyo. Nimeisikia mara mia, pengine mia mbili. Najua inapokwaruza na inaporuka. Lakini tabla niliyoisikia usiku ule sikuwa nimewahi kuisikia. Kwenye rediogramu tabla kubwa ilikuwa “du”, sauti moja butu chini ya kinanda. Sasa nilisikia kiganja. Nilisikia mpigaji akigonga kisha akiukokota mkono juu ya ngozi, sauti ikapanda na kujikunja kama swali. Nilisikia Bhalo akivuta pumzi kabla ya ubeti. Alikuwa mbele yangu, hatua tatu hivi, urefu wa mtu aliyesimama. Pale Swindon, chumba cha nyuma cha kanisa, machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Nilipouliza ilitoka wapi tabla ile, mwalimu wa fizikia alinijibu kwamba haikutoka popote. Ilikuwamo tangu siku santuri ilipopigwa chapa.

Hilo ndilo ninalotaka wasomaji wangu walielewe, kwa hiyo nitalieleza kama nilivyoelezwa. Santuri ina mfuo mmoja tu kila upande, uliojizungusha kutoka ukingoni hadi katikati kama ukili unaoshonewa kikapu. Kuta za mfuo huo si laini. Zimechongwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo sauti. Sindano ya almasi hutambaa humo ikitikiswa, na mtikisiko wake, kwa sumaku na koili, hugeuzwa umeme mdogo mno: kama sehemu elfu tano za milioni moja ya volti, wakati soketi ya ukutani kwako ina volti 240. Sauti yote ya mwimbaji, tabla na kinanda hupita kwenye tundu hilo dogo. Kosa dogo mwanzoni, ampu italikuza pamoja na wimbo.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wetu wengi wa redio hulisahau. Wanaochonga santuri hupunguza sauti nzito makusudi, la sivyo mfuo ungeyumba hadi kuingia kwa jirani yake, na huongeza sauti nyembamba, ili zipande juu ya mikwaruzo. Mashine ya kusikilizia lazima itengue yote mawili kwa kipimo kilekile, na kipimo hicho kilikubaliwa na makampuni ya Marekani mwaka 1954 na kuenea duniani. Ndiyo maana ukichomeka mashine ya santuri kwenye redio ya kawaida, mahali pasipohusika, wimbo hulia kama mbu ndani ya kopo. Watu hulaumu santuri. Santuri haina kosa.

Na senti ya Baba? Nilikuja kuipima kwenye mizani ya sindano. Sindano nzuri ya leo hulalia mfuo kwa gramu moja na nusu au mbili. Senti peke yake ilizidi uzito huo mara kadhaa, juu ya mkono ambao tangu kiwandani ulikuwa mzito. Kila Ijumaa tulipostarehe tulikuwa tukilima kuta za mfuo. Lakini sindano ya Baba ilikuwa na ncha ya mviringo iliyogusa sehemu moja tu ya ukuta. Juu na chini yake ukuta ulibaki mzima. Mtengeneza saa, alipokuwa akibadilisha zile nne, alikuwa akitafuta ncha itakayolala pale ambapo yetu haikufika. Halafu alitumia kichwa cha mono, kinachosikia mtikisiko wa kushoto na kulia peke yake. Mtikisiko wa juu na chini, ambao kwenye santuri ya mono ni vumbi na makovu tu, hakikuusikia kabisa. Nusu ya kelele za utoto wangu zilipotea hivyo.

Si kila wanachokiamini wapenzi hawa ninakiamini nami. Wanabishana juu ya valvu na transista kama watu wa Mombasa wanavyobishana juu ya mwezi mwandamo. Wapo wanaonunua nyaya za spika kwa bei ya mshahara wangu wa miezi miwili, wakiapa kwamba wanasikia tofauti. Mwalimu wa fizikia aliwahi kutufunga vitambaa vya macho, akabadilisha waya ghali kwa waya wa taa, na hakuna aliyetambua, hata mwenye waya. Msimamo wangu ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye sindano, ya pili kwenye fundi, na kabla ya zote mbili mtu akitazame chumba chake. Sakafu tupu ya saruji na madirisha yasiyo na pazia huirudisha sauti mara kumi. Mkeka, zulia na rafu ya vitabu vitakufanyia ambayo ampu mpya haiwezi.

Wazee wale wanajua pia kwamba masikio yanazeeka. Mtoto husikia hadi mitikisiko elfu ishirini kwa sekunde. Mtu wa miaka sabini, mingi ya ile ya juu imekwisha mpotea. Nilimuuliza mchungaji anatafuta nini basi. Alinijibu kuwa sauti ya binadamu inakaa chini ya hapo, na ndiyo anayoitafuta. Ana spika ndogo mbili, za kimo cha sentimita thelathini, za aina iliyobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa matumizi ya ndani ya magari ya matangazo, ambamo nafasi ni finyu na mtu anahitaji kujua kama mtangazaji anasikika kama yeye. Mhandisi mmoja wa BBC wa zama zile, Spencer Hughes, alifungua kampuni yake mwaka 1969 na kuiita Spendor, akiliunganisha jina lake na la mkewe Dorothy. Habari hiyo naipenda sana.

Japani mapenzi haya yalizaa migahawa. Santuri za kutoka nje zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo mwenye mgahawa alinunua santuri na mashine, na mteja alinunua kahawa moja akasikiliza. Lion, uliopo Shibuya jijini Tokyo, ulifunguliwa mwaka 1926 kwa muziki wa kale wa Ulaya. Viti vyote vimeelekezwa kwenye spika kama msikitini safu zinavyoelekea kibla, na mazungumzo hayaruhusiwi. Kule Ichinoseki, kaskazini, Basie ulianza kupiga jazi mwaka 1970. Nikipata likizo ndefu na nauli, nitakwenda huko kabla ya mahali pengine popote.

Kwetu hatukukosa muziki. Tulikosa mashine za kuutoa wote. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Baadaye Nairobi ikawa na kiwanda cha kupiga chapa santuri, na Mombasa duka la Assanand & Sons likatoa taarab kwa lebo yake ya Mzuri. Santuri hizo zilipigwa hotelini, harusini, kwenye rediogramu kama yetu, chini ya sindano nzito zilizoliwa hadi zikawa misumari. Sasa wanunuzi wa Ulaya wanazitafuta sokoni kwa bei ya chini, wakijua kilichomo. Inaniuma kuona mtu wetu akiuza sanduku zima la santuri kwa kuamini kwamba zimekufa.

Mimi mwenyewe nimeua moja. Baba alifariki mwaka 2011, na mgawo wangu ukawa sanduku la santuri na rediogramu ambayo mchwa walikuwa wameila hadi kwenye miguu. Kati ya santuri kulikuwa na moja nzito ya zamani, ya bibi yangu mzaa baba, ya kuzunguka mara 78 kwa dakika. Niliiosha kwa dawa yangu ya kawaida, maji yenye spiriti kidogo, kama nilivyokuwa nimeziosha zote za plastiki. Santuri za zamani zile si plastiki. Zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa mdudu, na spiriti huiyeyusha. Kitambaa kilipotoka kimeingia weusi nilielewa, na ilikuwa kuchelewa. Nimeihifadhi. Wimbo uliokuwamo sijui mahali pengine pa kuupata. Kwa hiyo nawasihi wenye santuri za aina hiyo: maji safi tu, kitambaa laini, na sindano nene inayofaa mfuo wake mpana, karibu mara tatu ya ile ya santuri ndefu.

Na mwenye kukuta ampu ya babu stoo asiichomeke kwenye umeme siku hiyohiyo. Kapasita zake zimekauka kwa miaka, na zikipasuka zinaweza kuunguza transfoma. Kwenye ampu ya valvu kuna volti zaidi ya 300, nazo hubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Tafuta fundi mwenye mita na subira.

Ile mashine ya kibati niliing'oa kutoka kwenye mbao zilizoliwa, nikaifunga kwa kanga mbili na kuirudisha Swindon kwenye begi. Mtengeneza saa aliifungua nami tukiwa mezani kwangu. Grisi ilikuwa imegeuka gundi, gurudumu la mpira limekuwa gumu na lina bapa upande mmoja. Kila lilipozunguka liligonga, du, du. Ndani, chini ya sahani, tulikuta uzi mweupe wa cherehani umejizungusha kwenye mhimili. Mtengeneza saa alitaka kuukata. Nikamwomba autoe mzima.

Sasa inazunguka sawasawa, na inapodondosha santuri bado inasema kacha. Lakini santuri za Baba sizipigi juu yake. Nazipiga kwenye Thorens ya miaka ya 1970 niliyoinunua kwa akiba ya zamu za usiku, yenye kichwa cha mono, kwa kuwa waliorekodi nyimbo zile walitaka zisikike.

Baba sikuwahi kumsikilizisha. Mwaka 2009 nilijaribu kwa simu, nikaishika karibu na spika upande wote wa kwanza. Simu haipitishi sauti nzito wala ile nyembamba. Tabla yote ilibaki kwangu. “Inasikika vizuri, mwanangu,” aliniambia, kwa ile sauti yake ya kumsifu mteja aliyechagua kitambaa kibaya.

Mama alikuja kunitembelea mwaka 2016. Usiku wa pili nilimketisha mbele ya spika, nikaosha ile ya Bhalo, nikateremsha sindano. Alisikiliza mikono imelala magotini. Ilipofika ile pumzi kabla ya ubeti wa pili aliinua kidole.

“Huyu si alikuwa akipumua hapa?”

“Ndiyo, Mama.”

“Miaka yote ile.”

Wimbo ulikwisha. Sindano ilikuwa ikizunguka mwisho wa mfuo, nami nikanyoosha mkono niinyanyue. Mama alikuwa bado ameitazama spika.

“Geuza,” akasema.